Mluzi wa Baba Paulina

Kibakwe, Jumapili

Baba Paulina,

Habari za huko mjini, Nkuhungu? Sisi tupo, ila mama yako magoti yanamsumbua. Mwaka wa pili huu hupokei simu, ndiyo maana barua hii nimempa Hashimu anayepeleka maharage huko kwenu, soko la Majengo.

Ngedere wanamaliza mahindi ya mlimani na mbwa wako Jasiri hanisikii. Namwita kwa jina, nagonga sufuria yenye ukoko wa ugali, ananitazama tu. Wewe ulimzoesha mluzi basi. Nikaamua kujifunza. Wiki mbili nzima nilipuliza mate matupu. Mama yako aliponikuta akaja juu: "Mwanamke na mluzi wapi na wapi! Unatuitia nyoka?" Nikahamia shambani.

Jana mluzi ukatoka, ule wako hasa, mrefu halafu unapanda. Jasiri akashuka mlima mbio, akanipita kana kwamba mimi ni kisiki, akaenda kusimama njiani anatikisa mkia.

Nikacheka. Kisha nikamwona Paulina anatoka jikoni, mikono imejaa unga, anakimbia na kupiga kelele, "Baba! Baba kaja!" Akafika njiani, akasimama kando ya mbwa, wote wawili wakaitazama barabara. Hakuniuliza kitu. Hata leo hajaniuliza.

Hashimu anasema mtoto wenu wa huko ameanza kutembea. Mungu amkuze.

Mluzi sipigi tena. Ngedere na wale tu.

Ni mimi,
Mama Paulina