Tumba la Juu na Kiazi cha Bibi Isako

Chizuru, uko? Nimekwisha.

Ile mimea yangu ya msitu wa hekalu, ya rangi ya zambarau, isiyo na jani hata moja, inayonyonya kuvu, mifupi kuliko kidole. Haipo!

Maua ya kike ya chini nilishayachora. Nilikuwa nasubiri tumba la kiume la juu lifunguke leo, nihesabu stameni, vile vijiti vya chavua, nijue kama ni spishi mpya. Siku tatu nimesubiri!

Nafika, chini peupe. Pamefagiwa. PAMEFAGIWA, Chizuru!

Bibi Isako, mtunza hekalu, kasimama na ufagio anatabasamu. "Mwanangu, si ulisema profesa wako anakuja leo? Mgeni atakanyagaje uchafu? Tumeamka alfajiri, sisi wazee wa hekalu wote sita."

Nikamuuliza majani makavu waliyofagia yako wapi. Akanionyesha moshi.

 Ana miaka themanini na nne, mgongo umepinda, kafagia kwa ajili yangu. Nikainama nikashukuru. Mara mbili!

Profesa alipofika, Bibi akachokoa majivu, akatugawia viazi vitamu vilivyoiva humo. "Kuleni vingali moto."

Profesa akala, akasifia, kisha akanigeukia: "Haya, maua yako wapi?"

Bibi Isako ananitazama, bado anatabasamu.

Nikaendelea kutafuna.