Maelezo Kuhusu Kubadilishwa kwa Rekodi za Ng'ombe Thelathini na Wanane

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Nyeri mjini. Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi.
Jina: Grace Wangechi Gatimu. Umri: miaka 49. Kazi: karani wa rekodi. Makazi: Ruring'u.

Nimeajiriwa na daktari wa mifugo, Moffat Mwai. Ofisi yetu huwapandishia wakulima ng'ombe kwa mbegu ya fahali wa gredi, wa mbari ya maziwa mengi. Kwa miaka kumi na saba nimeandika kwenye daftari langu kila ng'ombe ni binti wa fahali gani, asije akapandishwa kwa mbegu ya baba yake. Daktari alikuwa akisimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Wangechi, huyu wa Ngatia wa Endarasha baba yake ni nani?" Nilimjibu kabla sijafungua faili.

Mnamo tarehe 6 Januari mwaka huu Sumayya Farid, miaka 26, aliajiriwa kushughulikia kompyuta. Mwezi wa Aprili kompyuta kuu iliharibika, tukakaa siku tisa bila rekodi za kompyuta. Wapandishaji wetu walio mashambani walinipigia simu, nikawajibu kutoka kichwani.

Mnamo tarehe 12 Mei, saa tatu asubuhi, Daktari alituita sisi wawili. Alitaka kuamua kama atanunua kompyuta kuu nyingine au atahamishia rekodi kwenye klaudi, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, za kufikiwa kwa intaneti. Nilisema Endarasha netiweki hupotea mvua ikinyesha, na hatujui ni nani huko mbali atakayeshika siri za wakulima wetu.

Sumayya hakubisha. Alisema, "Madam ako na ukweli. Tusihame wote mara moja. Tujaribu Endarasha mwezi mmoja. Mpandishaji abaki na nakala kwa simu, netiweki ikirudi inajituma yenyewe. Na daftari ya Madam iendelee."

Iliniuma zaidi kwa sababu alijibu vizuri. Nikamuuliza, "Kwani Aprili mlikosa nini, na mimi nilikuwa hapa?"

"Hakuna, Madam. Lakini siku utakuwa hauko?"

Alisema kwa heshima. Mimi nilisikia kama nimeshazikwa.

Jaribio lilianza. Daktari aliacha kuja mlangoni kwangu. Mkulima akipiga simu, aliangalia simu yake nyingine na kusema, "Ngoja nione," na kabla sijainuka kitini alikuwa ameshapata. Siku moja nilimuuliza kama anahitaji kitu. Alisema, "Niko sawa," bila kuinua macho. Kisha akamwita Sumayya amwonyeshe jambo, wakacheka.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Juni, saa saba na dakika tano mchana, Sumayya alienda msikitini. Tulikuwa wawili tu ofisini. Aliacha kompyuta yake wazi na kusema, "Niangalilie, Madam." Alirudi saa nane.

Mnamo Jumanne tarehe 17, Mburu, mpandishaji wetu wa Endarasha, alipandisha mtamba wa Ngatia kwa mbegu ya fahali aliyemzaa mtamba huyo. Simu ya Mburu ilionyesha baba mwingine. Ngatia alipotoa kadi yake ya karatasi yenye jina la baba wa mtamba, walikuwa wameshachelewa. Daktari alilinganisha klaudi na daftari langu, akapata ng'ombe thelathini na wanane wamebadilishwa, wote Ijumaa ile kati ya saa saba na dakika kumi na saa saba na dakika arobaini, kwa jina la Sumayya. Sumayya alisema alikuwa kwenye sala. Daktari alimwambia angeweza kutumia simu, na kwamba ametumwa na washindani wetu. Sumayya alishikwa na polisi jana saa kumi jioni.

Jana hiyo hiyo, kabla polisi hawajafika, Daktari alisimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Wangechi, hawa mitamba wa Gikonyo baba yao ni nani?" Nilimjibu. Sitasema uongo, nilifurahi.

Leo asubuhi nilimkuta mama yake Sumayya, Bi. Zabibu, kwenye lango la kituo. Alinishika mikono miwili. Alisema, "Wewe ndiye ulimfundisha majina ya fahali. Asante, dada, kwa kukuja kumsemea mtoto wangu." Niliitoa mikono yangu, nikaingia ndani.

Afisa, yale ya Ijumaa niliyaruka. Sumayya alipotoka nilikaa kwenye kiti chake. Nilibadilisha namba za fahali moja baada ya nyingine. Nilichagua ng'ombe ninaowajua vizuri, ili Daktari akichanganyikiwa, mimi niwe nayo majibu. Sikufikiri Mburu angekuwa shambani kabla sijaulizwa. Huyo msichana hajui lolote.

Mtamba wa Ngatia anaweza kudungwa sindano mimba isishike. Daktari aambiwe leo.

Niliyojua nimeyasema. Nimesomewa na sina la kuondoa.

Sahihi: G. W. Gatimu

Maandishi ya afisa: Shahidi aliporudi kwenye mambo ya Ijumaa nilimsimamisha, nikamwonya kuhusu haki zake. Alisisitiza kuendelea. Nimemwita mkuu wangu ili maelezo mapya yachukuliwe kwa utaratibu wa mshukiwa. Bi. Sumayya Farid ameachiliwa saa sita kasorobo. Kabla ya kuondoka aliomba kuongea na Bi. Gatimu. Bi. Gatimu alikataa kumwona, ila aliuliza kama Daktari ndiye aliyekuja kumchukua Bi. Farid.