Banda la Njiwa la Babu

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Siku ya chuo. Mada: imani ya wananchi kwa polisi. Mhadhiri alionyesha picha za mgomo wa wachimbaji makaa ya mawe, 1984 — polisi juu ya farasi, ngao, watu wanatimua mbio nyasini. Akauliza kama kuna anayetoka kwenye vijiji vya migodi. Sikunyoosha mkono.

Babu alikuwa kwenye mgomo ule. Ana kovu juu ya sikio, rungu la polisi. Ndiye aliyenilea mama alipoondoka. Nilipomwambia nimepata nafasi — unaajiriwa polisi, unafanya kazi huku unasomea shahada — hakugomba. Alizima redio, akatoka kwenda kwa njiwa wake wa mashindano ya mbio. Mwaka umepita. Hatujasemezana.

Jumatano, 8 Novemba
Shannon ameolewa! Nimeona picha kwenye simu. Tulikaa dawati moja tangu tukiwa wadogo. Nikamwandikia hongera. Akajibu kwamba hakunialika kwa sababu binamu zake wangekuwepo na wasingenistahimili, nisichukie. Sichukii.

Kijijini mimi ni polisi. Kituoni mimi ni "huyu wa chuo" — ndivyo Garside, konstebo anayenifundisha kazi, anavyonitambulisha. Chuoni, wa kozi nyingine wakisikia ninachofanya, ghafla wanakumbuka wana basi la kuwahi.

Ijumaa, 10 Novemba
Mapumziko. Nimezungumza na mtu mmoja tu, muuza samaki na chipsi hapo chini ya chumba changu. Aliuliza kama nataka siki. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 12 Novemba
Zamu ya asubuhi. Mvua. Redio ikaita: banda la njiwa limevunjwa, Thorley, kijijini kwetu, aliyepiga simu ni jirani. Kabla hawajamaliza anwani nilishajua.

Nikamwambia Garside ni kwa babu yangu. Akasema basi kesi hii si yangu, nikae garini, nisiguse kitu. Nikakaa. Alirudi upesi, mabega yamelowa. Mzee hatoi maelezo. Kasema hajawahi kuita polisi maishani mwake na haanzi leo.

Doreen, yule jirani, akaja kugonga kioo. Akaniuliza nimekaa humo nasubiri nini na mzee anatetemeka kule nyuma.

Nikashuka. Garside alijifanya anaangalia simu.

Njiwa walitapakaa kwenye matope, wamenyongwa shingo. Babu alikuwa amekaa juu ya ndoo, mmoja mapajani — mzima bado, bawa limevunjika. Nikachuchumaa. Hakuinua macho.

"Shika hapa," akasema. "Siyo hivyo. Taratibu."

Nikashika. Akafunga bawa kwa kitambaa. Mikono yake imekonda sana. Sikujua.

Ndipo Garside akaja na swali lake, akasema lazima aliandike: je, anamfahamu afisa huyu? Babu alimaliza fundo kwanza.

"Mjukuu wangu namfahamu. Huyu mwenye kofia simfahamu."

Nilitaka kuivua. Naapa nilitaka. Garside alikuwa ananitazama, na sikuivua.

Jumatatu, 13 Novemba
Sikwenda chuo. Nilisema naumwa.

Doreen alipiga simu asubuhi. Yule njiwa ameanza kula. Halafu akasema kuna jambo, ila nisimwambie mzee kwamba kanieleza. Mlango wa banda ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu. NGURUWE, tusi la polisi huku kwetu. Na chini yake, jina langu. Babu aliukuta alfajiri. Aliposikia Doreen kaita polisi, alichukua tapentaini akasugua, akasugua, mpaka gari letu lilipoingia mtaani. Nisije nikawa ndani yake, nikaona.

Kwa hiyo njiwa wale walikufa kwa sababu yangu. Na alikaa juu ya ile ndoo, na hakusema.

Doreen anawajua waliofanya. Binamu zake Shannon, wawili. Aliwaona wakiruka ukuta. Atasema, akiulizwa. Nimesikia, na mimi ni polisi. Nikinyamaza nimeficha ushahidi. Nikimwambia Garside, kesho watagonga kwa Babu kumuuliza kwa nini alifuta. Kesho kutwa kijiji kizima kitasema Babu, Oxley mzee, amegeuka msaliti. Alistahimili mgomo mwaka mzima asisemwe hivyo.

Saa tisa alasiri. Naandika garini, nimeegesha kichochoroni nyuma ya nyumba yake, mkabala na banda. Nimevaa sweta la zamani. Nimekaa muda mrefu mpaka vioo vimefunga ukungu, nimepangusa kimoja kwa kiganja.

Ametoka. Ana kopo la rangi ya kijani na brashi. Anapaka mlango wa banda — kutoka hapa naona, wekundu bado unajitokeza. Anarudia palepale.

Ameniona. Brashi imesimama hewani.

Haingii ndani. Hanipungii mkono. Anasubiri nishuke, au anasubiri niondoke, sielewi. Amesogea tu, polepole, akasimama mbele ya yale maandishi, mgongo umeyaziba. Nikishuka itabidi nimwulize kuna nini nyuma yake. Nimeshika kitasa cha mlango. Naweka kalamu, nashuka.