Mkwe Langoni

Marahaba, mjukuu wangu Kadzo.

Hapa Changamwe mama yako ananinywesha uji na kunigombeza, kwa hiyo bado nipo, ingawa pumzi zimepungua.

Wahadhiri wenu wamegoma, serikali inasema haina fedha, nawe unauliza kama kweli babu yako aliwahi kugoma. Nikuambie kabla sijafa: sikugoma. Nilikuwa karani wa kiwanda cha nguo, nikiamini mishahara ikipanda kitafungwa. Asubuhi ya mgomo nilimkuta mama mkwe wangu, mfagiaji wa pale, ameketi katikati ya lango. Kwetu mkwe harukwi.

"Pita, bwana karani," akasema, "kama miguu itakubali."

Nikabaki nje. Wafanyakazi wakanishangilia, meneja akanifukuza kazi. Walipokubaliwa nyongeza, walikataa kuingia mpaka nirudishwe. Nikarudi, na ukweli sikuwaambia.

Miaka mingi baadaye kiwanda kilifungwa kweli. Ni mishahara ile, au ni mitumba? Na mbona watu wale walinipigania, mimi niliyewapinga? Bado najiuliza. Ukipata jibu huko chuoni, niandikie upesi.

Babu yako