Jina la Nchi ya Mawe

Kitale,
15 Juni 1988

Dada Chesang,

Sisi tu wazima, na mahindi yamefika magotini. Wewe huko Bungoma bado umekalia kitabu changu cha jiografia.

Jana mwalimu alisema karst, ile nchi ya mawe ya chokaa ambapo mito huzama ardhini, ilipewa jina la profesa Mjerumani. Mimi, nisiyesema darasani, nikanyoosha mkono. Nikasema ni jina la mahali, uwanda wa mawe matupu karibu na Trieste, na wataalamu wakayaita maeneo yote ya namna hiyo kwa jina lake.

"Ati Jepchirchir amefika Ulaya!" akasema mwalimu. Darasa likaangua kicheko. Nikasema imeandikwa kitabuni mwangu.

"Basi nakupa wiki mbili. Leta kitabu, ama ulete baba yako."

Baba unamjua. Alishasema akiitwa shuleni hata mara moja, nitabaki nyumbani kupalilia. Nimekuomba kitabu hicho tangu Aprili, nawe unanijibu habari za mapazia!

Ukurasa wenyewe una jani la mkaratusi. Njoo nacho Jumamosi ya wiki kesho. Kama huwezi, baki na mapazia yako, lakini kitabu kije.

Mdogo wako aliyechoka,
Jepchirchir