Nahama Fridley, Mama

Fridley, Minnesota

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limeacha kukusumbua. Huku sote tu wazima. Mimi furaha imenijaa hata siwezi kuandika kwa mstari ulionyooka.

Mama, nahama! Mkataba wa nyumba yangu ulikuwa uishe Aprili, lakini Jumamosi hii nahamia kwa kaka Bravin, Maple Grove. Mkewe Fiona ndiye aliyenipigia kutoka hospitali. Alisema wajukuu wako, Mukhwana na Mulongo, waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, wataruhusiwa kwenda nyumbani wiki hii, na mshono wake wa upasuaji bado haujapona. Akaniambia, "Wifi, njoo ukae nasi. Sitaki mgeni wa wiki moja, nataka shangazi wa watoto."

Nilikwenda kwa meneja wa jengo. Akanikumbusha kwamba nilitia sahihi ya mwaka mzima. Nikamwonyesha picha ya pacha kwenye simu. Aliitazama sana, kisha akasema ataniachilia nikipata mtu wa kuuchukua mkataba. Nikamkumbuka Mukandayisenga wa kanisani kwetu, mama Mkongo aliyekuwa akilala na wanawe watatu sebuleni kwa ndugu yake. Kesho yake akatia sahihi. Alipoingia chumba cha kulala alikaa sakafuni akacheka, akisema amesahau raha ya kufunga mlango wake mwenyewe.

Sasa Mama, kaa chini. Kila ulipouliza, nilikuambia mimi na Bravin tuliketi benchi moja kanisani. Ulikuwa uongo. Nilimkataza asimwoe Fiona, akaacha kupokea simu zangu, na miaka mitatu ikapita hivyo. Ndiyo maana Fiona aliponiita wifi nililia. Juzi hospitalini nilianza kumwomba msamaha, akanipakatisha Mulongo kabla sijamaliza. Bravin naye akakiri kwamba amekuwa akikudanganya kuhusu benchi lilelile! Tulicheka hadi nesi akaja kutunyamazisha. Utusamehe.

Nisalimie Baba na kina mama wa kwaya. Jumapili tupigie sote kwa simu moja. Usituulize habari za kanisa, tutakuwa nyumbani tukibembeleza watoto, na utamsikia Mukhwana mwenyewe. Ni mdogo kama mkate, lakini analia kwa sauti ya Baba.

Binti yako akupendaye,
Lynette