Bawaba za Kabati la Koridoni

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkeo usimwamshe. Jana alichelewa kutoka kazini, na alfajiri hii nimeshamwamsha mimi. Yaani si mimi, ni kabati. Nilifungua mlango nichukue mtandio wangu wa sala, ukalia kama mbuzi anayechinjwa. Akatoa kichwa chumbani: "Kwani mama, Mungu hasikii saa mbili?" Neno hilo limeniingia.

Na wewe ndiye uliyepaka bawaba mafuta ya kupikia. Nilikukataza, ukasema mafuta ni mafuta. Haya, yameganda na kushika vumbi, kelele zimezidi. Tena ule mkoba mzito mnaoutundika pale mlangoni umelegeza skrubu, mlango umeinama, chuma kinasaga chuma.

~~Basi acha, nitatafuta fundi.~~ Hapana. Utatengeneza mwenyewe, leo. Toa mkoba. Futa yale mafuta yaliyoganda kwa maji moto ya sabuni, kausha. Inua mlango kidogo ukikaza skrubu; inayozunguka bure, itoe, chomeka kijiti cha kiberiti tunduni, ndipo uirudishe. Halafu mafuta ya cherehani yangu, tone moja kila bawaba, ufungue na kufunga mpaka mlango unyamaze. Tone, baba, si kikombe.

Kesho naamka saa ileile. Mkoromo wa marehemu baba yako haukunihamisha saa ya sala, sembuse kabati. Likilia tena, nitasalia hapohapo mlangoni kwenu, kwa sauti, na nitaanza na jina lako.

Mama yako